Nge wa Kila Ijumaa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole yako. Hukukosa furaha yoyote, maana kwenye hadithi hii furaha haijapita hata kwa kupotea njia.

Faudhia, binti wa Bi Mwamina, aliolewa na Ismaily wa Nanganga, wakapata mtoto wa kiume, Rahimu. Mtoto alipoanza kuota meno akashikwa na homa na kuharisha, kama watoto wote. Lakini mama mkwe, Bi Tunu, hakwenda kuuliza zahanati. Alifungua redio.

Kila Ijumaa asubuhi redio moja ya Nachingwea hutangaza nyota za wiki. Bi Tunu alikuwa ameshatangaza zamani kwamba mkwewe ni nyota ya Nge, na Ijumaa ile mtabiri alisema: "Nge, unachokilisha kwa mkono wako kitadhoofika."

Ikatosha. Mtoto akachomolewa kwenye titi, akafungwa mgongoni kwa bibi yake, na Faudhia akarudishwa kwao, ng'ambo ya mashamba ya mikorosho, "mpaka nyota yake itulie." Ismaily ni mwanamume wa kumuuliza mama kwanza, hata akitaka kupiga chafya.

Basi Faudhia akawa anasubiri Ijumaa kama wenzake wanavyosubiri mvua. Ikija Ijumaa: "Nge, epuka kushika kilicho kichanga." Ikija nyingine: "Nge, nyumba yako inapumua ukiwa mbali." Huku nyuma mtoto alikuwa anashindia uji mwepesi na maziwa ya kopo, na waliomwona walisema shingo yake imekuwa nyembamba.

Tulimwacha amepanda gari ya asubuhi kwenda Nachingwea kumtafuta huyo mtabiri uso kwa uso. Aliyemshauri ni dada yake mkubwa, Raudha, mke wa Amiri muuza saruji wa Ruangwa mjini. Huyu Raudha ndiye aliyemsomesha Faudhia, ndiye aliyemnunulia sanduku la harusi, na siku ya harusi alilia kuliko hata mama. Yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto kwenye ndoa yake, na Amiri, mume muungwana kabisa, alikuwa anamwita mgumba mbele ya wateja, na ameshapeleka posa kwa binti mwingine.

Ndani ya gari dereva alikuwa amefungulia redio. Ilikuwa Ijumaa.

"Nge," ilisema ile sauti nzito, "wiki hii utadai kilicho chako, na utapewa ambacho hukukiomba."

Abiria mmoja akacheka. Faudhia akakaza kanga kifuani.

*

Alitegemea kumkuta mzee wa kanzu na harufu ya udi. Akaelekezwa kwenye kibanda cha vipuri vya pikipiki, ndani yake kuna mwanamume mnene mwenye jezi ya mpira na mikono imejaa grisi.

"Ostadh Bakary ni wewe?"

"Redioni ni Ostadh. Hapa ni Fundi Beka. Unataka nini, dada, cheni au nyota?"

"Si nimekusikia redioni sasa hivi?"

"Tunarekodi jana yake. Leo nipo kazini."

"Mimi ni Nge," Faudhia alisema. "Nataka nijue kwa nini Nge hapati wiki nzuri. Simba anapata mgeni. Samaki anapata safari. Nge kila Ijumaa ni balaa tu. Ametukosea nini?"

Fundi Beka alimwangalia vizuri. "Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Mimi ni mama, nimenyang'anywa mtoto kwa maneno yako."

Kijana wa bodaboda akaingiza kichwa akitaka plagi. Beka akampa, akarudisha chenji, akasubiri aondoke. Kisha akavuta stuli.

"Dada, mimi nilikuwa na mke. Anaitwa Sofia, nyota yake Nge. Aliondoka na dereva wa lori la korosho, sasa wanaishi Masasi. Namba yangu ameifungia. Ndugu zake hawanipokelei simu. Lakini dada yake aliniropokea siku moja kwamba Sofia hakosi kipindi changu. Sasa mimi nitampata wapi tena? Nampata hewani."

Faudhia hakuelewa mara moja. Akili ilikuwa inakataa kuelewa.

"Kwa hiyo yale maneno..."

"Ya Sofia. Nyinyi wengine mnayaokota tu."

"'Unachokilisha kwa mkono wako kitadhoofika'?"

"Alikuwa amefungua mgahawa stendi," alisema Beka. "Nilitaka watu wasile."

Faudhia alikaa chini, juu ya tairi kuukuu. Mtoto wake alivutwa titini akipiga kelele kwa sababu ya mgahawa wa Masasi! Alitamani kucheka, alitamani kumrukia yule mtu na kumng'oa macho.

"Basi Ijumaa ijayo tuandikie vizuri," alimwambia. "Neno moja tu. Sema Nge wiki hii arudi nyumbani kwake."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Nikimwandikia mazuri atadhani nimemsamehe."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekuambia duka limefungwa. Hapo Faudhia akaangua kilio. Hakulia kwa aibu ya mkwe au kwa kujificha kwenye kanga, alilia mdomo wazi, na maziwa yakamtoka yakalowesha gauni, na wapita njia wakaanza kusimama. Beka akatazama huku na huku.

"Usinililie dukani, dada, wateja wanakimbia. Haya, nyamaza. Nani alikwambia wewe ni Nge?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe ndiye mnajimu? Jina lako nani?"

"Faudhia."

"Mama yako?"

"Mwamina."

Maana nyota za huku, msomaji, hatuzitafuti kwa tarehe ya kuzaliwa kama magazeti ya Ulaya. Nusu ya wazee wetu hawajui hata mwaka. Nyota hutafutwa kwa jina lako na jina la mama yako mzazi: kila herufi ina namba yake, unajumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachokutawala. Baba haulizwi. Baba anaweza kuwa mtu yeyote, lakini mama hana ubishi.

Beka alihesabu kwa vidole vyake vyeusi, midomo ikichezacheza. Akarudia. Halafu akapiga goti lake kofi.

"Wewe si Nge! Wewe ni Mashuke. Tena Mashuke safi. Na wiki hii nimemwandikia Mashuke neema tupu: kilichopotea kinarudi mlangoni."

Dakika chache tu zilizopita Faudhia alikuwa amesikia kwa masikio yake jinsi utabiri unavyopikwa. Angekuwa na akili za asubuhi angemtemea mate yule mtu na Mashuke wake. Lakini neno zuri lilipokuja alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu. Tusimcheke. Aliyenyang'anywa mtoto hachagui kamba ya kushika.

"Nitakupigia nikiwa mbele yao wote," alisema. "Utawaambia mwenyewe?"

"Nitawaambia. Hiyo ni elimu, si chuki."

Aliposhuka Nanganga alikuwa anaimba kwa pua. Alimpigia Raudha kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Dada, mimi si Nge! Ostadh amehesabu kwa jina la mama. Mimi ni Mashuke!"

Raudha alishusha sauti.

"Amehesabu kwa jina la nani?" Raudha aliuliza.

"La mama. Mwamina. Njoo kesho, dada, uwepo. Nataka uwepo nikikabidhiwa Rahimu."

"Nitakuja," alisema Raudha. Na akakata bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

*

Kesho yake walikaa uani kwa Bi Tunu. Upande wa Faudhia alikuja Mjomba Hasani, kaka wa Bi Mwamina, maana kwetu mambo ya mtoto mjomba ndiye msemaji. Walikuja Bi Mwamina mwenyewe, na Raudha. Amiri, mume wa Raudha, ndiye aliyewaleta kwa gari lake, naye akakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akizungusha ufunguo kidoleni, mtu aliyekuja kutazama matatizo ya wenzake.

Bi Tunu alikaa mkekani, Rahimu mgongoni, Ismaily kando yake. Mtoto alipomwona mamaake alitoa mkono nje ya kanga. Bi Tunu akajigeuza, mkono ukaelekea ukutani.

Faudhia alijizuia kwa kuuma mdomo.

"Bi Tunu," Mjomba Hasani alianza, "sisi hatukuja kugombana. Kwa mila zetu mtoto ni wa kwa mama. Nyie mmemtoa mwali wetu nyumbani kwa sababu ya nyota, tukanyamaza kwa kuwaheshimu. Sasa tumeambiwa hiyo nyota mlikosea."

"Mimi sikukosea," alisema Bi Tunu.

"Tumsikilize aliyesoma."

Faudhia akapiga simu, akaweka spika, akailaza juu ya mkeka.

"Asalaam aleikum, wazee wangu," ilisema simu. Ismaily alishtuka akakaa vizuri; sauti ni ile ile ya Ijumaa. "Mimi Ostadh Bakary. Nimepiga hesabu ya Faudhia, mama yake Mwamina. Nyota yake ni Mashuke. Hana unge hata kidogo. Aliyempa Nge alikosea."

Mjomba Hasani alicheka kwa sauti. Ismaily akamwangalia mkewe kwa mara ya kwanza tangu wafike, na macho yake yalikuwa na aibu, na aibu kwa mwanamume kama yule ni mwanzo mzuri.

"Mama," alisema Ismaily, "si umesikia? Tumpe mtoto wake."

Angalieni, alikuwa ameshatamka! Faudhia alikuwa ameshanyoosha mikono!

Bi Tunu hakukasirika. Aliisogelea ile simu taratibu, kama mtu anayesogelea jiko kuangalia chumvi.

"Ostadh, hujambo baba? Nina swali dogo. Hilo jina la binti liache hapo hapo. Toa Mwamina, weka Raudha. Inakuwa nyota gani?"

"Raudha?"

"Raudha."

Kwenye simu walimsikia Beka akinong'ona namba zake. Kwa mbali pikipiki ilikuwa inajaribiwa moto.

"Inakuwa Nge," alisema Ostadh. "Tena Nge mwenyewe hasa."

"Ahsante, baba," alisema Bi Tunu.

Faudhia aliduwaa. Alimtazama mama mkwe, akamtazama dada yake. Raudha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Raudha ni dada yangu," Faudhia alisema. "Mtu anahesabiwa kwa mama, hahesabiwi kwa dada."

"Ndiyo hivyo," alijibu Bi Tunu. "Anahesabiwa kwa mama."

"Bi Tunu!" Mjomba Hasani alisimama. "Wewe ulikuwa somo wa Raudha, kungwi wake! Siri ya mwali haisemwi mbele ya wanaume!"

"Mimi nimesema siri? Nimetaja jina tu. Wewe ndiye unayepiga kelele mpaka majirani wasikie." Alimpigapiga Rahimu mgongoni. "Tulipomwingiza Raudha ndani kumcheza unyago, tumbo lilikuwa limeshatangulia. Mimi nililiona kabla ya mamaake. Nilikaa kimya miaka yote hii. Mwanangu aliponiambia anamtaka Faudhia nikamkataza, hakunisikia. Nikasema basi, lakini kwenye nyota sitadanganywa."

"Mama!" Faudhia alimgeukia Bi Mwamina. "Mama, waambie!"

Bi Mwamina, mtu wa sala tano, hakuinua uso. Alikuwa anachambua nyuzi za mkeka kwa kucha.

"Apa, dada," Mjomba Hasani alimwomba. "Sema Wallahi nimemzaa mimi, tumchukue mtoto twende zetu."

"Nimemlea mimi," alisema Bi Mwamina.

"Sema umemzaa!"

"Nimemlea mimi, Hasani. Nimemlea mimi."

Hapo ndipo Faudhia alipojua. Kila kitu kilimrudia kwa pamoja, ada za shule, sanduku la harusi, yale machozi ya siku ya kuolewa. Aliumia, na aliona haya kwamba hata katika kuumia alikuwa anatazama kitu kimoja tu, nao ni ule mkono mdogo uliokuwa unapapasa ukuta. Mama atamtafuta baadaye. Kwanza mtoto.

Akatambaa mpaka miguuni kwa Raudha.

"Kataa," alimnong'oneza. "Dada, kataa. Neno lako ndilo limebaki. Ukisema si kweli, mimi ni Mashuke na Ismaily ananipa mtoto. Kataa leo tu. Yaliyobaki tutayaongea mimi na wewe."

Raudha alimshika shavu. Alikuwa analia bila sauti. Faudhia aliyaona macho yake na akajua kabisa kwamba atakataa. Midomo ilikuwa imeshafunguka.

"Raudha."

Ni Amiri. Ufunguo ulikuwa umeacha kuzunguka.

"Umewahi kuzaa, wewe?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia. Na kila mtu alimgeukia Amiri, akapiga hesabu yake kimoyomoyo, na hesabu hii haikuhitaji ostadh. Huyu ndiye aliyekuwa ameshapeleka posa kwa binti mwingine kwa sababu mke wake hazai. Kama Raudha alizaa, basi miaka yote ile ndani ya nyumba ile asiyezaa alikuwa nani?

Amiri aliyaona macho ya watu. Akainuka kwenye kiti.

"Mwambie huyu mama ni mwongo," alisema haraka. "Mwambie wewe mgumba. Mwambie, twende nyumbani!"

Angenyamaza, Mungu wangu! Angenyamaza tu mwanamume yule, mtoto angerudi kwa mamaake. Lakini lile neno lilimpiga Raudha mbele ya somo wake, mbele ya mama yake, mbele ya mtoto wa tumbo lake, na kitu alichokuwa amekikunja kwa miaka mingi kikakunjuka chenyewe.

"Nimezaa," alisema Raudha.

"Dada, usi..."

"Nimezaa, Amiri! Mimi si mgumba! Huyu hapa ni mwanangu, tumbo langu hili, na anafanana na mimi, mtazame!" Alikuwa anacheka na kulia, anajipiga tumbo kwa kiganja. "Nimeitwa mgumba mbele ya wabeba saruji. Katafute mgumba wako kwenye kioo!"

Amiri alitoka uani bila viatu. Gari likasikika likiwashwa.

Bi Tunu akanyanyuka polepole, akakaza fundo la kanga kifuani. "Umemsikia," alimwambia mwanawe. "Ni Nge. Kasema mwenyewe aliyemzaa." Ismaily akaangalia chini, akasogea kumpisha. Mama mkwe akaingia ndani na mtoto, na komeo likalia.

"Haloo?" ilisema simu pale mkekani. "Haloo? Wazee, mpo? Si nilisema redioni? Atadai kilicho chake, atapewa ambacho hakukiomba. Haloo?"

Raudha alikuwa amepiga magoti, uso umelowa, na kwa mara ya kwanza tangu Faudhia amjue alikuwa anaonekana mtu mwenye furaha. Akafungua mikono yake.

"Njoo," alisema. "Njoo, mwanangu."

Ndani, nyuma ya mlango, Rahimu alianza kulia. Kilikuwa kilio cha njaa, kile ambacho mama anakijua hata usingizini, na maziwa yakamtiririka Faudhia hadi kiunoni.

Alisimama. Kando ya jiko kulikuwa na kinu, na mchi umeegemezwa ukutani. Akauchukua.

"Faudhia," alisema Mjomba Hasani, "unakwenda wapi na mchi?"

Faudhia akaelekea kwenye mlango wenye komeo. Raudha alikuwa amepiga magoti katikati yake na ule mlango. Aliuona mchi, akaona jinsi Faudhia anavyomwangalia, na hakuishusha mikono yake.